Ng'ombe Mwenye Nyumba Mbili na Chaji Isiyokaa

Nikisema nimestaafu watu wananicheka. Wanaangalia mtoto mgongoni, wananiangalia mimi, wanasema, "Wewe? Umestaafu nini, ujana?" Basi wacheke. Ofisi imehamia Mwanza, mimi sihamii Mwanza, na kazi niliyoianza mwanangu Vero akiwa hajaota meno imekwisha, sasa hivi anakwenda chekechea na ana mdogo wake. Nimekabidhi mita, koleo na ufunguo wa chumba cha nyuma, nikatoka.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaobaki na mikanda. Mtakaa kwenye kiyoyozi, mtaangalia namba kwenye kompyuta, mtadhani mmeshajua. Vyeo sikupandaga, kwa hiyo hapo sina cha kusimulia. Nitasema kazi. Majina ya watu nimebadilisha, isipokuwa la mwanangu. Mkinikuta mkali mnivumilie. Nusu ya kazi hii nilifundishwa na hasira. Nusu nyingine nilifundishwa na watu, na hao nawashukuru mpaka leo.

Nilifika Iringo, pale Musoma mjini, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na mtoto mchanga. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la nyavu. Tangazo lilisema wanatafuta kijana wa kuziba vifaa kwa gundi visiingie maji. Bosi akaangalia mgongoni kwangu.

"Hapa si kliniki, dada."

"Tangazo nimelisoma," nikamwambia. "Halikusema mikono ya mama haishiki gundi."

Aliyecheka ni Magesa, mwandishi wa programu, alikuwa amekaa kona ameng'ata waya. Akasema, "Bosi, mwache huyu. Wafugaji wakija kugomba tutamtanguliza yeye." Nikaanza siku hiyohiyo, Vero akiwa amelala chini ya meza ndani ya boksi la nyavu.

Kwa asiyejua, kifaa chenyewe ni mkanda wa shingoni wa ng'ombe. Una kiboksi kidogo. Ndani yake kuna betri, laini ya simu, GPS inayojua mahali ulipo kwa kusoma satelaiti, na kihisi kinachojua kama ng'ombe anatembea au katulia. Ng'ombe akitoka zizini usiku, mkanda unamtumia mwenyewe meseji. Kwetu Mara sihitaji kueleza kwa nini mtu atake kitu hicho. Ulizeni yeyote wa Butiama aliyewahi kuamka akakuta zizi liko wazi. Wafugaji waliuita kengele, ingawa haulii.

Kutengeneza mkanda unaojua ng'ombe yuko wapi si kazi kubwa. Kazi ni kuufanya ujue hivyo kwa miezi bila kuchajiwa. Maana nani atamvua ng'ombe mkanda kila wiki aupeleke kwenye umeme? Mimi nimeshakimbizwa na dume nikiwa nimevaa sketi. Sitaki kusema zaidi.

Siku ya kwanza Magesa alinipa mita, ile ya mafundi umeme yenye waya mwekundu na mweusi, akaniambia nipime mkanda unakula umeme kiasi gani. Nikaupima wakati unatuma meseji, nikamletea namba kwa majivuno. Akatikisa kichwa.

"Mama Vero, hapo umepima ukiwa macho. Mkanda unapimwa ukiwa umelala. Maisha yake karibu yote uko usingizini. Ukivuja kidogo usingizini, unavuja mchana na usiku, na hakuna atakayeona."

Nikapima tena. Mkanda uliolala ulitakiwa kula karibu na hakuna kitu. Wa kwetu ulikuwa unakula kama unaota ndoto za chakula. Magesa akainama juu ya meza, akauliza swali ambalo nililisikia mpaka nikalichukia, kisha nikalipenda: "Nani kauamsha?" Alikuwa haulizi umeharibika nini. Alikuwa anauliza nani kauamsha. Programu haimalizi betri kwa sababu ni kubwa au ni mbaya. Inaimaliza kwa sababu kuna kitu kinaiamsha bila sababu, halafu kinasahau kuirudisha kulala.

Mara ya kwanza aliyekuwa anaunyima usingizi alikuwa taa. Kuna mtu, sitamtaja, aliandika kwamba kila mkanda ukiamka uwashe kitaa cha kijani ili fundi ajue unafanya kazi, hakuandika kizimwe lini. Sawa. Fundi akimaliza, anaziba kiboksi kwa gundi nyeusi. Kitaa kinaendelea kuwaka humo ndani gizani, miezi yote, kikimwonyesha nani? Nilipandwa na hasira mpaka nikamwamsha mtoto. Tukaufuta mstari ule mmoja wa programu, betri ikaongeza maisha kuliko kama tungebadilisha betri yenyewe.

Mara ya pili alikuwa mtandao. Kule mabondeni ambako simu haishiki, mkanda ulikuwa unajaribu kutuma, unashindwa, unajaribu tena palepale, kwa nguvu zake zote, kama mlevi anayegonga mlango wa nyumba isiyo yake. Magesa akauandikia adabu: ukishindwa, lala kidogo. Ukishindwa tena, lala zaidi. Ng'ombe akipanda kilima mtandao utapatikana, na ujumbe bado utakuwa nao.

Mara ya tatu alikuwa ng'ombe mwenyewe. Kihisi cha mwendo kilikuwa kinasema ng'ombe anatembea usiku kucha, na wenye ng'ombe wanaapa ng'ombe wamelala. Tulikaa nao zizini Butiama jioni moja, mimi na Magesa, kompyuta kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ng'ombe amejilaza, macho nusu, taya zinakwenda. Anacheua. Kila akicheua shingo inacheza, mkanda unadhani safari imeanza, unaamsha GPS. Tukatazamana tukacheka mpaka mwenye zizi akaja kuuliza kama tuko salama. Magesa akarekodi mtikisiko wa kucheua na mtikisiko wa kutembea, akaufundisha mkanda kutofautisha. Ile jioni nimeihifadhi. Mtu msomi vile, suruali ina mavi ya ng'ombe mpaka magotini, anahesabu taya kwa furaha. Nikasema hii ndiyo kazi.

Baada ya hapo ikaja sheria ya nyumbani, na hapo ndipo kisa kinapoanza.

Sheria yenyewe ilikuwa nzuri. Mkanda unajifunza zizi liko wapi. Usiku ukiwa zizini, unalala fofofo, hauamshi GPS. Usiku ukiwa kwingine, unajua ng'ombe kaibiwa, unaamka, unatuma meseji kila baada ya dakika chache mpaka apatikane. Kwenye meza yetu Iringo ilifanya kazi vizuri sana. Tukaipeleka kwa kikundi cha wafugaji cha Butiama, mikanda ya majaribio. Wakiridhika wananunua, wasiporidhika wanarudisha na sisi tunafunga ofisi.

Kwenye mkutano wetu wa kwanza nao mzee mmoja aliuliza, "Na ninyi huko ofisini, mtawaona ng'ombe wetu?"

Bosi akajibu kwa furaha, "Wote! Kwenye ramani, mmoja mmoja!"

Watu wakaanza kusimama. Hawakugomba. Walichukua fimbo zao tu. Bosi si mtu wa kwetu, hakuelewa. Kwetu humuulizi mtu ana ng'ombe wangapi wala wako wapi. Ukiuliza unaonekana mwizi, au umetumwa na mwizi. Magesa akakimbilia mbele, akasema kwa sauti kwamba mahali alipo ng'ombe patakwenda kwenye simu ya mwenyewe peke yake. Ofisi italetewa kiwango cha chaji, mara moja kwa siku, basi. Wakakaa tena. Mwenyekiti wao, Mzee Wambura, ndiye aliyesema kwa mkazo kuliko wote: "Chaji tu. Mkizidisha hapo, mikanda yenu mtaikuta barabarani."

Likumbukeni sharti hilo, ni la kwao na ni la haki.

Wiki chache hazikupita, mikanda ikaanza kufa. Si yote, baadhi. Wa Mama Nyangeta ndio ulioongoza. Huyu alikuwa mjane, mume wake alikuwa kaka wa Mzee Wambura. Hana kijana mkubwa nyumbani. Akija Musoma anabeba mkanda ndani ya kikapu, kaufunika na kitenge kama mayai. Tunauchaji, anarudi nao, baada ya siku chache umekufa tena.

Mara ya tatu bosi alimpokea amesimama.

"Mama, wewe unauchezea huu."

"Nauchezea na nani, baba? Umri wangu huu?"

"Mwenyekiti kaniambia watoto wanauvua."

"Mwenyekiti anasemaga mengi."

Bosi akauweka mkanda kwenye droo, akaisukuma. "Haurudi. Mkutano ujao nitakuja mwenyewe. Mimi na mwenyekiti tutamwona huyo ng'ombe, tukiridhika tutamvalisha mbele yetu. Tusiporidhika mkanda anapewa mtu mwingine."

Yule mama alikunja kitenge, akakikunjua, akakunja tena, uso umebadilika rangi. Mimi damu ilikuwa inachemka, na nitawaambia kwa nini. Wiki hiyohiyo mkanda wa pili wa Mzee Wambura nao ulikufa. Yeye alipiga simu tu, akapelekewa betri mpya na pikipiki, na pole juu yake. Wa mwanamume betri mbovu. Wa mjane anauchezea.

Nikamfuata nje, barazani kwa duka la nyavu. Nikamwambia, "Mama, mimi naonaga chaji tu. Na chaji yako inaisha kama ya ng'ombe anayekimbizwa kila usiku. Nisaidie nielewe."

Akamtazama Vero, akatoa simu yake. Meseji zimejaa mpaka hakuna nafasi, zote moja: NG'OMBE HAYUKO NYUMBANI. NG'OMBE HAYUKO NYUMBANI.

"Kila usiku kifaa chenu kinanipigia kelele kwamba ng'ombe hayuko nyumbani," akasema. "Najua hayuko. Nilimpeleka mwenyewe."

Ng'ombe alikuwa Bunda, Kabasa kwa pembeni, kwa kaka yake anaitwa Manyama. Alimnunua baada ya msiba, kwa biashara yake mwenyewe ya dagaa, alikuwa anawatoa ziwani Musoma anawauza magulioni. Lakini shemeji yake alikuwa ameshatangaza kwamba kila ukwato utakaokanyaga zizi lile ni mali ya marehemu kaka yake, na mali ya kaka ni yake. Basi akafanya kama wanavyofanyaga watu wetu wote: akamweka ng'ombe kwa mtu.

"Sasa kwa nini mkanda hukumvalisha ng'ombe wa hapo nyumbani?" nikauliza.

"Mwanangu, wa nyumbani nikiamka namwona kwa macho. Nisiyemwona ndiye wa kuvalishwa."

Tumekaa ofisini miezi, tumepima usingizi wa betri mpaka tone la mwisho, na hatujafikiria kwamba mtu anavalisha ng'ombe aliye mbali. Ndiyo maana ya kengele!

"Bosi wako akija na Wambura," akasema, "wakakuta hayupo, nitalazimika kumtaja aliko. Nikimtaja, kesho yake Wambura yuko Kabasa na fimbo na wazee wa kumsaidia kusema. Huyo ng'ombe ndiye ada ya shule ya wanangu, Mama Vero. Sina mwingine wa jina langu."

Nikarudi ndani kama mtu anayekwenda kupigana. Magesa akaniona, akaanza wimbo wake: "Haya, nani kauamsha?"

"Wewe," nikamwambia. "Na sheria yako ya nyumbani. Umeiandika kana kwamba ng'ombe ana nyumba moja."

"Ana ngapi?"

"Wewe ni mtu wa wapi, Magesa?"

Nikamwona inamwingia polepole. Akavua miwani. "Mimi nilisomeshwa na ng'ombe waliokaa kwa mjomba," akasema. "Baba alikuwa anatoa mmoja kila muhula. Baba mdogo mpaka anakufa hakujuaga wanatokea wapi." Akajipiga paji la uso. "Nimeandika programu ya watu wenye uzio wa waya. Ni ng'ombe wa nani?"

"Wa mtu."

"Sawa. Wa mtu." Hakuuliza tena. Kati ya mambo ninayomshukuru Magesa, na ni mengi, hilo liko juu.

Alikaa siku kadhaa akiandika, mimi nikimjaribia kila kipande kwa mita. Jambo la kwanza alilobadilisha ni mpangilio wa kuamka. Kihisi cha mwendo kinakula kidogo sana. GPS inakula kama mgeni wa harusi. Basi kabla hujamwita mgeni wa harusi, muulize kwanza yule mdogo: ng'ombe anatembea? Ng'ombe aliyeibiwa anatembea. Aliyejilaza anacheua hajaibiwa, hata kama yuko Bunda. La pili, mkanda ukiona ng'ombe analala mahali pamoja siku kadhaa kwa utulivu, unamuuliza mwenyewe kwa meseji: hapa ni sawa? Akijibu SAWA, hapo panakuwa nyumbani kwa pili, unalala. Unaweza kuwa na nyumba hata nne.

"Mahali pa pili lazima tupajaribu penyewe," Magesa akasema. "Siwezi kuamini meza." Akanipa mkanda wa majaribio, nami nikauwekea namba ya simu ya Mama Nyangeta, kisha akamwambia bosi nakwenda Bunda kujaribu programu. Haukuwa uongo.

Manyama nilimkuta nje ya banda, anakata majani. Nilipotaja mkanda akaacha panga lilivyo.

"Umetumwa na Wambura?"

"Nimetumwa na dada yako."

"Watu wa Wambura ndivyo wanavyosemaga."

"Shikamoo kwanza, kaka."

"Marahaba. Umetumwa na Wambura?"

Vero akaanza kulia mgongoni, joto limemzidi. Nikamshusha, nikakaa kwenye gogo bila kukaribishwa, nikamnyonyesha. Manyama akatuangalia weee, hatimaye akacheka. "Wambura ni mbahili," akasema. "Hawezi kumlipia mpelelezi nauli na mtoto wake." Akaenda akamleta ng'ombe, mwekundu mwenye baka jeupe begani, mpole kuliko mwenyeji wake. Nikamvalisha. Mke wa Manyama akaniletea maziwa kwenye kibuyu na ugali wa mtama, wakanisindikiza mpaka barabara ya Mwanza. Siku ya kwanza kazini nilidhani nimeajiriwa kuziba vitu kwa gundi. Siku ile nilijua nimeaminiwa.

Mkanda ukauliza, Mama Nyangeta akajibu SAWA, chaji ikakaa. Siku zikapita, ikakaa tu. Magesa akaanza kuipeleka programu mpya kwenye mikanda yote. Hakuirusha kwa mkupuo, maana kupokea nako kunakula betri. Kila mkanda ukiamka kutuma chaji yake ya siku, unachukua kipande kimoja, unarudi kulala. Ameshaamka, mpe kila kitu palepale, usimwamshe mara mbili. Hilo mkilishika mtakuwa mafundi.

Programu ilipokamilika, mikanda ikawauliza wenyewe, wenyewe wakajibu. Asubuhi moja nikafungua ukurasa wa chaji. Haukuwa umepona mkanda wa mtu mmoja. Ilikuwa imepona karibu yote iliyokuwa inafa mapema, ya wanaume kwa wanawake. Na katikati yao, umepona vizuri kabisa, mkanda wa pili wa Mzee Wambura. Nilicheka mpaka Vero akatoka chini ya meza kuniangalia.

Siku ya mkutano tulikwenda wote watatu. Uwanja wa Mzee Wambura ulijaa, wazee kwenye viti, wanawake kwenye mkeka. Mama Nyangeta alikuwa mwisho wa mkeka, anachomoa nyuzi za kitenge chake. Bosi akasifu mikanda, chaji sasa inakaa, watu wakapiga makofi. Nikapumua. Mapema mno.

"Vizuri," akasema Mzee Wambura. "Lakini tuliahidiana kumkagua ng'ombe wa shemeji yangu. Zizi lake ni hapo tu. Twendeni."

Bosi naye, sijui alitaka kumfurahisha, akasema, "Na tusipomwona, tunamrudishia mama mkanda, na Magesa atafungua kwenye kompyuta tujue anaupeleka wapi. Ni kuongeza mstari mmoja kwenye programu."

Magesa alisimama haraka mpaka kiti kikaanguka. "Mstari ni mmoja, bosi. Lakini kila ripoti itabidi GPS iamke kwanza. Chaji ya miezi inakuwa ya wiki. Tutakuwa tumerudi tulikotoka."

"Kwa mkanda mmoja tu," bosi akasema. "Wa huyu mama."

Hapo nikasimama na mimi. Sikuwa nimepanga. Vero nilikuwa nimempakata, nikasimama naye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Huo ukaguzi ulikuwa wa nini?"

"Wa mkanda unaokufa mapema."

"Sawa. Basi kama tunakagua ng'ombe wa kila mkanda uliokuwa unakufa mapema, tuwakague wote, ndiyo haki. Mimi ndiye ninayesoma chaji, nawajua. Tuanze kwa mwenyekiti, kwa heshima. Ule mkanda wako wa pili, tuliokuletea betri mpya. Umepona kwa programu mpya tu, na ugonjwa wake ulikuwa uleule wa mkanda wa shemeji yako. Zizi lako ni hilo hapo nyuma. Twende utuonyeshe ng'ombe aliyeuvaa."

Mzee Wambura akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa.

"Mambo ya mikanda ni ya kitaalamu," akasema. "Sisi si mafundi. Kama chaji imekaa, imekaa."

Mzee mmoja pembeni yake akashindwa kujizuia. "Wambura, twende basi tukamwone huyo ng'ombe wako!"

"Nyamaza wewe! Wa kwako yuko wapi?"

Wazee wakaanza kucheka, mmoja, wawili, kisha uwanja mzima, hata mkeka wa wanawake. Walikuwa wanacheka na huku kila mmoja anatazama chini. Mzee Wambura akasubiri, mwishowe midomo ikamshinda, naye akacheka. "Leteni chai," akasema. "Ukaguzi umekwisha." Mama Nyangeta hakunitazama hata mara moja. Alifunika uso na kitenge, mabega yanatikisika, na sikujua analia au anacheka. Nadhani vyote.

Njiani bosi akaniuliza, "Pale kulitokea nini?"

"Chaji, bosi," nikamwambia.

Kwa haki yake nitasema hivi: mstari ule hakuuongeza. Mikanda ilinunuliwa, na mimi nilipata miaka ya kazi kutokana na hiyo. Kabasa napataja bila wasiwasi kwa sababu ng'ombe yule hayuko tena huko, mwenye nia ya kumtafuta asijisumbue.

Sasa ninyi. Mtakapokaa Mwanza, siku moja atakuja mtu mwenye tai, atasema, ongezeni mahali kwenye ripoti ya chaji, ni mstari mmoja. Mwambieni unaua betri, na ni kweli unaua. Kama haelewi betri, mwambieni wenye ng'ombe walikataa. Chaji peke yake itawaonyesha mengi. Mtajua nani kahamisha, nani kaweka kwa mtu, nani katangaza umaskini huku mikanda yake inalala sehemu nne. Jueni, nyamazeni, pimeni.

Wiki niliyokabidhi ufunguo, Mama Nyangeta alikuja Musoma, kikapu kina dagaa na kuku. Akaniambia binti yake wa kwanza ameingia sekondari. Akaniambia ng'ombe amezaa, ndama jike, mwekundu kama mama yake, na kwamba ndama huyo ni wa Vero. Nilikataa, akanikaripia kama mwanawe. Nilikubali nikilia, mimi ambaye sikulia hata leba.

Nikamuuliza ndama anakaa wapi. Akaninong'oneza. Ni kwa watu wema, majani yapo, maji yapo. Akikua nitamvalisha mkanda, na kwenye kompyuta zenu mtauona, chaji yake itakuwa imejaa na itakaa miezi. Mengine msiniulize.